Mkaratusi wa Kaburi la Babu

Asubuhi ile mtaa wetu wa Kaptembwo, mjini Nakuru, ulinukia mkaratusi. Harufu kali, kama ya dawa ya kifua, ilitoka upande wa makaburi ya zamani, na kabla hata chai haijachemka majirani walikuwa wakiambiana kwamba dhoruba imeangusha miti yote huko. Nyanya alivaa gambuti zake, akanishika mkono. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu, na nilijua tunakwenda kwa babu.

Babu alikuwa kibarua wa reli. Alipofariki, mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya kwenda nyumbani kwetu Vihiga, basi akazikwa mjini. Katika ukoo wetu, aliyezikwa ugenini huchukuliwa udongo wa kaburi lake ukazikwe nyumbani, ndipo ahesabiwe kuwa amerudi. Nyanya aliahirisha kazi hiyo miaka na miaka, maana aliogopa kumchokonoa mumewe kwa jembe. Msalaba wa mbao ulipoliwa na mchwa, alipanda mkaratusi kichwani pa kaburi uwe alama. Sasa kama alama imekwenda, babu naye amepotea, na nyanya alilia njia nzima bila kujificha.

Sijaona tena kitu kama kile. Miti minene ililala huku na huku, mawe ya makaburi yamepasuka, misalaba ya saruji imeng'oka, malaika wa marumaru kaanguka kifudifudi matopeni. Nilinong'ona kama niko kanisani. Mlinzi alitupigia kelele pale langoni.

"Mathe, usiingie! Hiyo miti inaweza kuwaangukia!"

"Wacha niingie, kijana. Mzee wangu ako huku ndani."

Tuliutambua mti wetu kwa waya ambao nyanya aliufunga shinani ulipokuwa mche, nao ukamezwa na gome. Ulikuwa umeanguka mzimamzima. Mizizi yake ilisimama wima, mirefu kuliko nyumba yetu, na katikati yake ilikuwa imekumbatia udongo wa kaburini, mweusi, wenye ubaridi, umeinuliwa hadi usawa wa kifua cha nyanya. Chini, jeneza halikuonekana. Nyanya alitazama, akacheka na machozi yake usoni.

"Huyu mzee amechoka kuningoja," akasema. Akafungua leso, akachota udongo kwa mikono mitupu, polepole.

Udongo huo ulizikwa Vihiga, na sasa nyanya amelala kando yake. Mimi nimejenga Kiamunyi, papa hapa Nakuru. Wanangu hufika Vihiga wakati wa Krismasi tu, na makaburi ya zamani yamezungushiwa ukuta, miti haipandwi tena. Juzi kifunguamimba wangu aliniuliza nikifa nizikwe wapi. Nilimwambia hapa hapa Nakuru, asijisumbue.

"Sawa, mum," akasema. "Lakini udongo nitapeleka mimi mwenyewe."