Uzi wa Mate

Majani ya mkonge yakilowekwa hadi yaoze hunuka kama panya aliyefia nyuma ya kabati. Harufu hiyo ndiyo likizo yangu ya Agosti nilipokuwa darasa la sita, miaka ya tisini, nyumbani kwa nyanya yangu nje kidogo ya mji wa Machakos. Susu, ndivyo tulivyomwita, aliyatoa majani hayo kwenye dimbwi la mto, akayaparua kwa panga mpaka zikabaki nyuzi tupu. Maji yake yaliniwasha hadi viwikoni. Hayo yote yalikuwa nafuu, maana kinyaa chenyewe kilianza aliposokota. Alifunua paja, akalaza nyuzi mbili juu yake, akatema mate kiganjani, akazipaka. Na mate yenyewe yalikuwa ya kahawia, kwa sababu ugoro haukutoka chini ya mdomo wake tangu asubuhi hadi jioni. Kiondo cha uzi huo ndicho tulichobebea mahindi, viazi, na hata mkate wa Jumapili. Mkate, jamani! Wangu niliumega nikawatupia kuku nyuma ya jiko.

Nilitaka kiondo changu, ambacho hakuna mtu aliyekitemea, niende nacho shuleni muhula ukifunguliwa. Basi nikaketi na kikombe cha maji safi, nikaanza kusokota. Susu akanitazama. “Maji haina nguvu,” akasema. “Itakauka, uzi ifunguke.” Sikumsikiliza, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimeshanogewa. Nyuzi zilipojikunja chini ya kiganja zikawa uzi mmoja mwembamba, mgumu, nilisisimka mkono mzima na kutaka kusokota mwingine. Lakini jua lilipopanda, uzi ulifunguka wote, na kitako cha kiondo nilichokwisha kuanza kikanifumukia mikononi. Nililia kwa hasira. Kisha nikaenda nyuma ya ghala, nikahakikisha hakuna anayeniona, nikatema. Mate yalikuwa ya uvuguvugu, yakateleza katikati ya vidole, nikafumba macho nikasokota. Uzi ukashika. Kiondo nilikimaliza, nikaenda nacho shuleni, ila sikuwahi kutia mkate ndani yake.

Leo ninashona nguo mjini Machakos, na bado mkono unanisisimka kitambaa kinapoteleza chini ya vidole. Pale Kyumbi, kando ya barabara kuu, wanauza viondo vya nyuzi za plastiki, safi kabisa, visivyo na harufu yoyote, na nikivigusa najihisi nimeshika mfuko wa takataka. Lakini sijasema mate yamekuwa matamu. Hadi leo nikimkumbuka Susu na ugoro wake nachefukwa. Juzi mteja wangu mmoja, binti wa ofisini, aliniona nikiulamba uzi ili upite kwenye tundu la sindano. Akaruka nyuma, pua ameikunja. “Ai, mama! Usiweke mate kwa nguo yangu!” Nilimwelewa vizuri sana. Nikampa sindano na uzi autunge mwenyewe. Alijaribu, akajaribu tena, uzi ukazidi kuchanua ncha. Mwishowe akageukia dirishani ili nisimwone, akaupeleka uzi mdomoni.