Ngurumo chini ya jeneza: Fundi Gaudensi wa Ilembo

Ni Jumapili asubuhi, jua limeshapanda. Gaudensi Nestori amelala kifudifudi ndani ya Noah, sikio kwenye sakafu, bega likigusa jeneza. Gari linatembea. Akina mama waliokuwa wakiimba tangu mochwari wamenyamaza, maana fundi amewaomba.

Sakafu inanguruma kama mashine ya kusaga, na dereva akiongeza mwendo, mlio nao unapanda.

"Kata kushoto," anasema Gaudensi. Stanslaus, dereva, anakata usukani. Ngurumo inazidi. "Haya, kulia." Inapungua.

"Gurudumu bovu ni la nyuma, kulia."

"Fundi, mimi tangu jana nalisikia kushoto!"

"Chuma kinabeba mlio mpaka upande wa pili. Ukikata kushoto, uzito unalalia kulia, na hapo ndipo linapolia. Rudi gereji."

Pale Ilembo, Manispaa ya Mpanda, gereji ya Gaudensi haikosi watu. Kuna wa kutengeneza gari, na kuna waliofuata umbea na chai ya Skolastika, mkewe. Siku njema fundi huondoka na elfu ishirini. Siku mbaya huondoka na grisi mikononi.

Nyuma ya banda, juu ya matofali, imesimama Noah nyingine. Ni yake. Aliinunua ikiwa chakavu baada ya ajali, na kwa miaka sita amekuwa akiiunga kipande kwa kipande.

"Huyo ni mke mwenzangu," anasema Skolastika akimimina chai. "Yeye ananunuliwa vipya, mimi naambiwa nisubiri."

Jumapili hiyo, aliyekuwa ndani ya jeneza ni Deogratias, mkulima wa Kasekese aliyefia hospitali mjini. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa na kijiji kizima kinasubiri. Gaudensi aliomba mwili ushushwe kidogo ili anyanyue gari. Dada wa marehemu, Yustina, akakataa.

"Kaka yangu ameshaanza safari ya kwake. Hatumshushi gereji kama gunia la mahindi."

"Basi hashuki, mama. Nyie wanaume, njooni mmshikilie."

Wanaume wakashika jeneza huku na huku, jeki ikapanda polepole. Gurudumu lilipokuwa hewani, Gaudensi aliweka kiganja kwenye springi, kwa mkono mwingine akalizungusha.

"Gusa," alimwambia Stanslaus.

Stanslaus akagusa, akautoa mkono haraka. Springi ilikuwa ikitetemeka kama mtu mwenye homa.

"Beringi imekwisha. Ukienda hivi, tairi litakutangulia Kasekese."

Hakuna aliyecheka. Ndani ya gari hilo walikuwa wakisafiri mjane, mashangazi na watoto.

"Mwanangu, kaburi liko wazi," alisema Yustina kwa sauti ya chini. "Kwetu halilali wazi."

Maduka ya spea yalikuwa yamefungwa. Wenyewe wako kanisani, na simu hazipokelewi. Gaudensi alisimama akifuta mikono kwa kitambaa, kisha akageuka kutazama nyuma ya banda.

"Baba Odeta, usiniambie," alisema Skolastika.

Hakumwambia. Alichukua spana, akaenda kwenye matofali. Ekseli ya kulia, yenye beringi aliyoifunga mwezi uliopita tu, ikatoka kwenye gari lake na kuingia kwenye gari la msiba.  Skolastika alibeba birika, akawapitishia chai wanaume walioshika jeneza, mmoja mmoja, maana hawakuweza kuachia.

Noah ilipoondoka, akina mama walianza tena kuimba. Gaudensi alitoka hadi barabarani, akainamisha kichwa kusikiliza. Gari lilipita mbele yake, na kilichosikika ni wimbo tu.

Deogratias alizikwa kabla jua halijazama. Stanslaus aliporudi alikuja na ujumbe wa Yustina: fundi anakaribishwa kwenye arobaini, na aje na gari lake mwenyewe.

Sasa ndiyo habari ya gereji nzima. Wapo wanaosema gari halitaisha, wapo waliokwishajiwekea nafasi ya kukaa. Skolastika amechagua siti ya mbele.

Gaudensi anatafuta beringi nyingine. Amepiga simu Sumbawanga na Tabora, na jioni wateja wakiisha huingia chini ya gari lake.

"Nitaenda," anasema akiwa huko chini, ni miguu tu inayoonekana. "Na nataka nifike pale wasinisikie."