Ulimi Namba Nne

Kuna watu wenye sikio la muziki, halafu kuna mke wa Pumzi. Noti hajui hata moja. Ukimwandikia atadhani ni hesabu za mabega na viuno za fundi nguo mwenzake. Lakini mumewe akipuliza saksafoni chumba cha pili, naye yuko kwenye cherehani anapinda suruali ya mtu, atakwambia mzee leo kaamka na kisirani. Na kweli utamkuta nacho.

Walijuana alipopewa kazi ya kushona sare za bendi. Pumzi, siku hizo mtu wa kujishaua kupita kiasi, alikuja kupimwa mabega huku amebeba midomo mitatu ya saksafoni ya kuazima, hajui anunue upi. Mdomo ndicho kile kipande cha juu kinachoingia kinywani. Chini yake hufungwa ulimi, kijipande chembamba cha mwanzi, na huo ndio unaotetemeka sauti ikatoka. Akamwomba fundi ageuke asione, asikilize tu. Akapuliza kipande kilekile mara tatu.

"Wa pili," akasema binti, amebana pini midomoni.

Ulikuwa wa chuma, mpana, wenye sauti ya kupasua ukuta. Tangu siku hiyo Pumzi hajanunua mdomo wala ulimi bila mgongo wa mke wake kuwepo.

Ndimi zina namba. Mbili ni laini, nne ni ngumu, na ngumu inataka kifua. Hapo ndipo wapuliza saksafoni wanapoonyesha utoto wao, maana watu wazima na ndevu zao hutambiana namba kama watoto wanaoonyeshana makovu. Pumzi alikuwa wa nne. Alikuwa wa nne miaka yote, na asiyejua hilo basi hajawahi kukaa naye dakika tano.

Mwaka jana meno yake ya mbele yaling'olewa, akawekewa ya bandia. Hewa ikaanza kuvujia pembeni mwa kinywa. Ile noti ndefu ya kumalizia, ambayo zamani aliishika mpaka watu wakaanza kupiga makofi kwa huruma, sasa ilikatika njiani. Alisingizia hali ya hewa. Alisingizia mianzi ya siku hizi. Namba nne hakukubali kuiacha.

Mke wake alimwonea uchungu, na hakuwa na la kusema lisilomvunjia heshima. Asubuhi moja, mzee yuko bafuni, alichukua ulimi kwenye kopo, akausugua juu juu kwa msasa laini anaosugulia vifungo vya mbao, ili upungue ugumu. Mara nne tu, akapangusa vumbi, akaurudisha. Siku hiyo noti ilisogea mbele kidogo. Basi akaendelea hivyo mwaka mzima, ulimi baada ya ulimi, roho juu kila mlango wa bafu ukilia.

"Boksi hili limetulia," Pumzi alisema. "Hizi ndizo namba nne za kweli."

"Eeh," alijibu mke wake, macho kwenye sindano.

Lakini msasa una mwisho wake. Bendi ikapata kiongozi mpya, naye akatangaza kwamba Jumamosi atamsikiliza kila mtu peke yake, na atakayeshindwa kufikisha sauti atapumzishwa. Pumzi akaanza kuacha chakula kwenye sahani. Mke wake alijua mtu huyu akipumzishwa atapumzika kweli, kwenye kiti kile cha dirishani, mpaka mwisho.

Alhamisi wakaenda dukani. Muuza vyombo vya muziki, mtu wa tai na maneno mengi, aliwapangia midomo miwili juu ya kitambaa. Vijana wawili wa bendi nyingine walikuwa wakijaribu tarumbeta. Mke wa Pumzi akakaa kwenye stuli akiwapa wote mgongo.

Wa kwanza kupulizwa ulikuwa wa Pumzi mwenyewe, ule wa chuma. Aliujua kabla haujalia. Sauti ilianza kwa kishindo, ikachoka, ikafa. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu ulikuwa mdogo, wa mpira mgumu mweusi, uwazi wake mwembamba. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa ya joto, na noti ya mwisho ilitembea taratibu mpaka karibu kabisa na mwisho, ikakwamia mlangoni.

"Haya, bibie," alisema Pumzi. "Upi?"

Mke wake akapima moyoni. Akisema wa chuma, mumewe atatoka hapa kifua mbele na Jumamosi ataaibika. Akisema wa tatu, atakuwa amemwambia mbele ya watu kwamba ameisha.

"Miaka yote hujanidanganya," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Usianze leo."

"Wa tatu," akasema. Machozi yalimtoka, akashukuru kwamba amewapa mgongo.

Muuzaji akaanza kufunga. "Na ndimi ni namba nne kama kawaida, mzee wangu?"

"Mbili na nusu," alisema Pumzi. Alisema kwa nguvu, vijana wa tarumbeta wakageuka. "Boksi zima. Na kama unauza msasa laini, nipe. Wa mke wangu umekwisha."

Mke wake aligeuka na stuli yake.

"Ulijua?"

"Mama wee, ulimi gani mimi nimewahi kuufunga bila kuuinua kwanza kwenye mwanga wa dirisha? Kivuli chake nakijua. Tangu mwaka jana kila ulimi umeliwa zaidi upande wa kushoto." Akacheka. "Hata mapindo yako huegemea kushoto. Suruali zangu zote ziko hivyo, nimenyamaza tu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha."

Jumamosi walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi, pamoja na wapigaji wengine wanaosubiri kuitwa. Pumzi alitoa ulimi mpya, akaupuliza kidogo, akakunja uso. Kisha, mbele ya macho yote yale, akampa mke wake.

"Mgumu bado. Nishushie kidogo. Kushoto kwako palepale."

Akausugua kwa msasa mpya juu ya goti lake, mara nne, wazi, bila haraka. Mzee akaufunga, akaingia, mlango ukafungwa. Mke wake akaupa mlango mgongo, akafumba macho. Kipande kikapita, ikaja noti ndefu ya kumalizia. Ikafika pale ilipokuwa ikikatika. Ikapita. Mpiga ngoma aliyekaa pembeni yake alitaka kusema kitu, naye akamshika mkono asiseme, akaendelea kuushikilia mpaka noti ilipokwisha yenyewe.