Siku Wajukuu Zangu Walipojaza Mstari

Sifa ni za Mungu, aliyeniacha nizeeke na akanipa moyo wa kustahimili hata yale niliyojitafutia mwenyewe. Aibu ninayoisimulia ni yangu. Simsingizii shetani, maana siku ile hata hakuhitajika.

Mimi ni mzee wa kanisa, na pia mwenyekiti wa kamati ya shule yetu ya msingi huku bondeni Momba, jirani na mpaka, shule ndogo kiasi kwamba mwaka mmoja darasa la saba walikuwa wawili, wakafaulu wote, tukatangaza kanisani kuwa tumefaulisha mia kwa mia, na mwaka uliofuata akafanya mtihani Yohana peke yake, akafeli (kanisani hatukutangaza). Ndipo tukasikia kwamba mama mmoja wa elimu anakuja kutoka wilayani kuangalia kama shule ifungwe, watoto wahamishiwe ng'ambo ya mto. Mto ule wakati wa masika hata mtu mzima hauvuki. Nilipowafikiria wale wa darasa la kwanza, chakula kilinishinda.

Sasa, binti yangu ameolewa upande wa Zambia, si mbali kwa miguu, na shule zao zilikuwa zimefungwa kwa likizo. Nikamwambia aniletee wajukuu, na binamu zao, na majirani wowote wanaopenda kutembea. Sikusema uongo. Nilisema waje kumsalimia babu, nikawatafutia mashati meupe, na asubuhi ya ugeni nikawapeleka wakasalimie mstarini.

"Mzee, na hawa?" akauliza Mwalimu Simbeye, mwalimu mkuu wetu.

"Wajukuu zangu. Wanapenda shule."

Akawatazama, akatazama gari la wilaya linaingia, akaenda kulipokea.

Mstari ulipendeza. Mama yule akashuka, akasema, "Mbona niliambiwa ni wachache?" Hapo ningemkaribisha ofisini mambo yakaisha, lakini mimi nilitaka kunogesha, nikasema, "Kwanza wakuimbie wimbo wa taifa."

Ninyi wa mpakani mnajua kwamba wimbo wetu wa taifa na wa majirani zetu sauti ni moja, maneno mbalimbali. Hata mimi nilijua tangu ujana. Nilikumbuka walipofungua midomo. Wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji, na huko kwao wanafundishwa kuimba kwa nguvu, wakaisifu Zambia kwa Kiingereza kilichonyooka, na wanafunzi wetu, kwa adabu ya mwenyeji kumpisha mgeni, wakapunguza sauti mpaka wakabaki wanachezesha midomo tu. Na wimbo wa taifa haukatizwi. Mwalimu mkuu amekakamaa, mama wa wilaya amekakamaa, mimi kofia mkononi, tukaupa heshima yake mpaka ubeti wa mwisho (beti zote walikuwa wanazijua).

Mama akaniuliza taratibu, "Mzee, shule hii iko upande gani wa mpaka?"

"Tanzania, mwanangu."

"Ahsante. Nilidhani dereva amepitiliza."

Akaomba wabaki wanafunzi wa hapa peke yao, na mstari ukawa kama meno yangu. Akawapa kitabu mmoja mmoja, wakasoma, hata wadogo, hata Yohana aliyekuwa akirudia darasa. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaelekeza macho ng'ambo ya mashamba ya mahindi, kwenye moshi wa kaya za wafugaji waliohamia bondeni.

"Kule hakuna watoto?"

"Wapo."

"Wanasoma wapi?"

"Wanachunga."

"Basi umevuka mpaka kutafuta watoto, mzee wangu, na pale hujafika."

Akatupa muda hadi mwaka mpya wa masomo: tupate watoto wa hapa hapa, la sivyo shule inafungwa.

Kesho yake nikaenda. Masunga, mwenye zizi la kwanza, akanipa kigoda na maziwa, akangoja ninywe.

"Karibu, mzee. Ng'ombe wangu walipoingia kwenye mahindi yako ulifika hapa jua halijachomoza. Kumbe njia unaijua."

"Naijua," nikasema. "Nisamehe. Nimekuja kuomba watoto waje shule."

Akasema, "Miaka yote hii tulidhani shule ile ni ya kanisa lenu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ule wimbo.

Kwa rehema za Mungu shule haijafungwa. Watoto wa Masunga na wa jirani zake wanakuja, Mwalimu Simbeye ananinung'unikia madawati, na kila wimbo wa taifa unapoanza watoto wote hunigeukia mimi kwanza. Wajukuu zangu siku hizi wanasalimia nyumbani tu, na nimeapa kutojaza tena mstari kwa mtu niliyemtoa mbali kabla sijabisha hodi kwa jirani.

Nawe uliyenivumilia mpaka hapa, Mungu akujalie nyumba yenye sauti za watoto, na akufumbue macho uuone moshi wa jirani yako mapema kuliko nilivyouona mimi.