Misindano ya Yunisi

Yunisi ni mkulima wa mihogo wa Kidahwe, mjane wa miaka hamsini na miwili. Yeye na marehemu mumewe walipanda misindano mia tatu, miti ya mbao, nyuma ya nyumba, pale walipofyeka miti ya pori na kuacha visiki ardhini. Mwaka wa kumi na moja tangu waipande, kiangazi, msindano mmoja uligeuka manjano toka kileleni, ukakauka. Akadhani ni mchwa. Mwezi uliofuata ikakauka mitatu iliyokuwa jirani nao, kisha saba.

"Kuna mtu kakutupia jicho la husuda," jirani yake Feliksi alimwambia.

Yunisi akaanza kuogopa hata salamu za watu. Kila asubuhi alitoka kuitazama miti kabla hajanawa uso, na kila mara ukavu ulikuwa umesogea kuelekea nyumbani.

Hatimaye alimwita Catherine, afisa misitu, aliyekuja kwa bodaboda kutoka Gungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone."

Catherine alibandua gome karibu na ardhi. Ndani kulikuwa na utando mweupe unaonuka uyoga.

"Huu ni ugonjwa wa fangasi, mama. Ulianza kwenye visiki mlivyoacha. Sasa unatembea ardhini, mzizi hadi mzizi."

"Dawa yake?"

"Ya kuuponya mti, hakuna. Kata iliyokauka, na mistari miwili ya mizima inayofuata. Ng'oa visiki, choma. Kisha chimba mtaro, mizizi isigusane."

"Nikate na mizima?"

"Uzima unauona majanini tu. Ya mizizini huyajui."

Yunisi hakuweza. Alikata mikavu, akaiacha ya kijani, hasa ule mkubwa uliokuwa karibu na jiko, ambao mumewe aliumwagilia mwenyewe.

Siku ya tano, mchana, hakuna upepo, alikuwa ametoka jikoni kuchota maji aliposikia mlio kama wa kitambaa kinachopasuka. Mti ule wa kijani ukalala juu ya jiko, ukalibonyeza hadi chini. Mizizi yake ilikuwa imeoza, laini kama sifongo. Yunisi aliketi palepale na ndoo yake.

Kesho yake alimwita Feliksi aje na shoka. Walikata miti sitini, waking'oa na visiki, wakachimba mtaro wa kina cha kiuno.

Masika mawili yamepita na ng'ambo ya mtaro hakujakauka mti. Lakini jiko jipya Yunisi amelijenga upande wa barabarani, na hamruhusu mtu kupita chini ya misindano kabla yeye hajayasukuma mashina kwa bega, akisikiliza.