Nafasi ya Mzee Kashindi pale Kimanga

Siku niliyokwenda kumwomba Mama Nabintu nafasi ya kuimba, mwanangu, ningali naikumbuka. Alikuwa na buveti ndogo, kibanda cha kuuzia vinywaji, huko Kimanga mjini Uvira, na kila Jumapili baada ya misa Mzee Kashindi wa Makobola aliwapigia gitaa wateja wake. Mimi nilitoka Sange na wenzangu wawili. Tulikuwa tumebisha hodi kila mahali Uvira, hakuna aliyetupokea, na mpiga ngoma wetu alishasema tukikataliwa tena anarudi kulima mpunga. Ulimi hauna mfupa. Wangu siku ile ulipinda vibaya.

"Mama," nikamwambia, "yule mzee vidole vyake vimekuwa vizito. Watu wanapiga miayo. Utupe sisi Jumapili."

Mama Nabintu alikuwa akifuta meza. Hakuinua kichwa.

"Ni yeye alinituma nikutafute," akasema. "Vidole vinamuuma. Aliniambia, iko mutoto mumoja wa Sange, anaimba vizuri, umupe nafasi yangu. Sasa weye uende kwanza kwake Makobola. Umwambie haya uliyoniambia minye."

Nilikwenda. Njiani nilitunga maneno matamu, lakini nilipomkuta amekaa, mikono ndani ya beseni la maji ya moto, yakaniishia. Nikamweleza yote kama yalivyo. Alitoa mikono majini, akavitazama vidole.

"Ni kweli, viko vizito," akasema. "Ungeniambia minye, ningekushukuru. Weye ulimwambia mwenye nyumba, ili anifukuze."

Hakuninyima nafasi. Jumapili iliyofuata alikaa kiti cha mbele, tukaimba, na hakupiga makofi. Ilikuwa haki yake. Mpiga ngoma wetu alibaki. Mzee mwenyewe alichukua msimu mzima wa mvua kabla ya kuitikia salamu yangu.

Mwanangu, leo mnaomba nafasi kwa video za simu, lakini mwenye nyumba bado ni muntu. Enda kwanza ukae kwake, usikilize anayepiga pale, umjue. Ukitaka kusema, sema kazi yako. Kasoro ya mwenzako umpelekee mwenzako. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo: hujui nani alishakuombea nafasi.

Mungu akubariki, akupe sauti ya kudumu, na watu wa kukutaja vizuri mahali usipokuwepo.