Mbwa wa Shingo Yenye Kovu

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kuwa na diploma, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Ni diploma ya afya ya mifugo. Hakuna mjomba aliyenilipia ada. Nilibeba zege Arusha, nikalinda mageti ya watu, nikaosha mabanda ya kuku, na jioni nikasoma. Niliporudi Endasak nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma na kufungua duka la dawa za mifugo kando ya barabara. Leo, kuanzia kwetu mpaka vijiji vya juu mlimani, watu wazima wananiita daktari. Siwakatazi.

Kitu kimoja tu kilikosekana nyumbani kwa baba, nacho ni mbwa.

Kila boma la kwetu lina mbwa. Bila mbwa, ngedere wanakula mahindi mchana na nungunungu wanakuja usiku kumalizia. Boma la baba halikuwa na mbwa tangu nikiwa darasa la tano. Mwaka huo mbwa wetu wenyewe, aliyelala mlangoni kwetu na kula ukoko wetu, alimuuma mdogo wangu wa kike mkononi. Kidonda kilikuwa kidogo. Mama alikifunga kwa kitambaa, kikapona, mtoto akarudi kucheza. Mbwa alishakufa na kusahaulika siku mtoto alipoanza kuogopa maji, kama kila mwenye kichaa cha mbwa. Sitaandika zaidi ya hapo. Kaburi lake liko mwisho wa shamba la maharage, na baba hupalilia pembezoni mwake kwa mkono, hatumii jembe.

Watu huniuliza kwa nini nilichagua mifugo badala ya ualimu. Huwa nawajibu kwamba mifugo ina fedha. Hilo nalo ni kweli.

Nikiwa bado Arusha, nilikuwa nikienda kusaidia kuchanja mbwa kwenye nyumba moja nje kidogo ya mji, ambako mama mmoja mstaafu huhifadhi mbwa waliotupwa. Mabanda yake hujaa, kwa hiyo yeye huwakabidhi mbwa kwa watu wa kuwalea kwa muda mpaka wapate wa kuwachukua kabisa. Baada ya kurudi nyumbani nilifikiria sana jambo hilo. Baba alikuwa anazeeka, analinda shamba peke yake kwa kurusha mawe, na mawe yake siku hizi hayafiki mbali. Nikapanda basi kwenda kumwona yule mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba daktari. Umekuja kuchanja au kuchukua?"

"Kuchukua. Kumlea kwa muda."

"Haya. Wote husema hivyo, wakifika nyumbani mke anasema chagua, mbwa au mimi."

"Sina mke, mama."

"Basi baba yako atasema."

Mbwa aliyenionyesha alikuwa jike wa rangi ya udongo, mwembamba, mwenye macho ya kuangalia pembeni. Shingo yake ilizungukwa na kovu lisilo na nywele. Alikuwa amefungwa waya tangu akiwa mdogo, akakua, waya haukukua, ukaingia ndani ya nyama. Daktari wa mjini ndiye aliyeukata. Nilimchanja mimi mwenyewe kichaa cha mbwa siku ileile, ingawa alikuwa na cheti, kwa sababu naamini zaidi sindano niliyoichoma mimi.

"Ukimgusa shingoni anajikojolea," yule mama akaniambia. "Si mkali, ana hofu. Lakini mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma, wewe unajua kuliko mimi. Simtoi hapa mpaka mwenye boma akubali, na mpaka niuone mkanda utakaomfunga."

Nilijua. Ndiyo maana njia nzima ya kurudi nilikuwa nikipanga namna ya kumwambia baba.

Baba alikuwa anapukuchua mbegu. Nilipomwambia, mikono yake haikusimama.

"Mbwa," akasema.

"Ndiyo, baba. Amechanjwa. Nimemchanja mwenyewe."

"Yule wa kwetu pia alikuwa mzuri."

"Yule hakuchanjwa, baba."

Punje ziliendelea kudondoka kwenye ungo. Mama akasema kutoka jikoni, "Mwaka jana tulivuna magunzi matupu. Ngedere hawana shukrani, hata moja hawatuachii."

Baba aliliweka chini gunzi alilokuwa amelimaliza. Kisha akaniangalia. "Mlete. Akae mpaka tuvune. Lakini avae kitu ambacho mtu yeyote wa boma hili akikishika, mbwa anasimama. Hata mama yako. Hata mtoto. Na siku akimrukia mtu, huyo hatarudi Arusha. Nitammaliza mimi mwenyewe, hapahapa, na wewe hutanizuia."

"Ndiyo, baba."

Kwa hiyo suala lilikuwa mkanda. Nilikwenda Katesh, kwenye duka la vifaa la mzee mmoja mfanyabiashara ambaye mzaha wake huuza kuliko bidhaa zake.

"Karibu daktari! Leo umekuja kutuchanja na sisi?"

"Shikamoo mzee. Natafuta mikanda ya mbwa."

"Marahaba. Mbwa wa watu au mbwa wa daktari?"

"Wa daktari."

"Basi ile ya kawaida naificha."

Akaning'iniza mbele yangu mnyororo unaojikaza ukivutwa. Akatoa wa pili, wenye meno ya chuma yanayotazama ndani. Wa tatu ulikuwa kwenye boksi, wenye betri na rimoti. Mbwa akikosea, unabonyeza, anapigwa shoti shingoni. "Huu ni wa kisasa," akasema. "Mjini ndio wanaotumia. Mbwa anakuwa na adabu kama mwanafunzi wa zamani."

Nilikunja mkono wa shati, nikajifunga ule wa meno kwenye mkono. "Vuta, mzee."

"Daktari, usinitafutie kesi."

"Vuta."

Akavuta. Watu waliokuwa wakinunua misumari wakageuka. Dada mmoja akasema, "Kumbe diploma inafundisha na haya?" Wakacheka, nami nikawaacha wamalize, halafu nikawaonyesha alama nyekundu za meno na kuwafundisha bure. Niliwaambia kwamba maumivu hayamwambii mbwa amekosea wapi. Anachojifunza ni kwamba yule aliyekuwa mbele yake wakati anaumia ndiye aliyemletea maumivu. Akija mtoto, ukamvuta mbwa kwa meno haya, umemfundisha kwamba mtoto anauma. Kesho atatangulia kuuma yeye.

Yule mzee akarudisha mikanda yake kwenye misumari ukutani na kusema taratibu, "Basi kwangu hamna dawa yako."

Hata mkanda mpana wa kitambaa laini, ambao kwa mbwa mwingine ningeuchukua mara moja na kuacha nafasi ya vidole viwili, kwa huyu usingefaa. Ungelala juu ya kovu. Nikaomba kipande cha boksi, nikachora mwenyewe. Miguu miwili ya mbele inaingia kwenye matundu mawili, mkanda unapita kifuani na kufungwa mgongoni, shingo inabaki huru kabisa. Kifuani pete ya kamba, ili mbwa akivuta ageuke mwenyewe badala ya kukabwa. Mgongoni nikaweka mshikio mnene, kama wa ndoo, wa kutosha kiganja cha baba ambacho siku hizi hakikunjiki vizuri. Fundi viatu wa stendi aliushona kwa ngozi ya ng'ombe na kuuwekea blanketi upande wa ndani. Niliupiga picha nikamtumia mama wa Arusha. Akajibu kwa neno moja: njoo.

Mbwa alifika kwa lori lililokuwa linarudi tupu kuchukua maharage, nami nimekaa naye nyuma kwenye maturubai. Sikumvisha mkanda siku hiyo wala zilizofuata. Nililaza ule mkanda chini nikaweka ugali na dagaa juu yake, ale hapo. Mama yangu alinishauri nimpe pia tonge nililolibana kwapani, kama wazee wanavyofanya mbwa mgeni asitoroke. Nilifanya hivyo. Mbwa anaishi kwa pua, na diploma yangu haina ugomvi na kwapa. Polepole akakanyaga ndani ya matundu mwenyewe, mguu mmoja, kisha mwingine, nami nikafunga mgongoni bila kugusa shingo. Alitetemeka, lakini hakujikojolea.

Siku ya kwanza nilipopita naye barabarani kijiji kizima kilisimama. Kwetu mnyama anayevaa mkanda kifuani ni punda wa mkokoteni.

"Daktari! Msimu huu unalima na mbwa?"

"Mfunge plau, tuone mistari yake!"

Jirani mmoja, mtu mzima mwenye punda wawili, akaniambia kwa upole wa kunionea huruma, "Mwanangu, umesoma mpaka umepitiliza. Mbwa anafungwa shingo."

"Punda wako ukimfunga mkokoteni kwa kamba ya shingo, mzee, atavuta?"

"Atakabwa."

"Basi na huyu hivyohivyo."

Akafikiri. "Lakini punda ana kazi," akasema, akaondoka akitikisa kichwa.

Baba hakuwa kati ya waliocheka wala waliouliza. Asubuhi alikuwa akikaa kwenye kigoda upande wa pili wa uwanja, fimbo magotini, akimwangalia mbwa anavyofukuza ngedere mwisho wa kamba ndefu. Mahindi yalianza kusimama salama. Mama alisema hivyo, baba akaguna tu.

Siku ambayo nitaikumbuka nilikuwa ng'ambo ya shamba nahamisha nguzo inayoshikilia kamba ya mbwa. Nilikuwa nimeifungua kamba kifuani kwa mbwa kwa muda mfupi, kwa kuwa alishazoea kukaa nikimwambia. Mtoto wa kaka yangu, msichana wa umri uleule aliokuwa nao mdogo wangu, alitokea shuleni akikimbia katikati ya mahindi na kupiga kelele za furaha kwa babu yake. Mbwa akashtuka, akatoka mbio kumwelekea, akibweka.

Nilipiga mluzi. Mbwa akasimama katikati, kati yangu na mtoto, masikio yamelala, mkia umeingia tumboni. Sikuwa na uhakika atakwenda upande gani, na sisemi uongo kwamba nilikuwa nao. Mtoto naye aliganda. Baba alishafika. Fimbo ilikuwa juu.

"Baba! Mgongoni! Shika mgongoni!"

Nilikuwa mbali mno kufanya lingine lolote. Niliona fimbo ikikaa hewani. Kisha akaihamishia mkono wa kushoto, akainama, akaushika mshikio kwa mkono wa kulia. Mbwa akakaa chini.

"Pita, mjukuu wangu," nikamsikia akisema. "Pita polepole. Nimemshika."

Mtoto akapita mpaka jikoni kwa mama. Nilipowafikia, baba alikuwa bado ameshika.

"Anatetemeka," baba akasema.

"Anaogopa."

"Mbwa anaogopa mtoto?"

"Anaogopa kuvutwa shingo, baba. Kila anayemjia mbio anadhani anakuja na waya."

Akainama zaidi. Tangu mbwa aje, hakuwahi kumsogelea kiasi cha kuliona lile kovu. Aliliangalia muda mrefu bila kuligusa.

"Nani anamfunga mnyama waya?" akauliza.

Yeye na mimi tulijua ni nani. Karibu kila boma tulilokuwa tukiliona kutoka pale lilikuwa na mbwa wa waya, na yule wetu wa zamani naye alifungwa hivyohivyo. Jina la mdogo wangu halikutajwa.

Tulivuna. Magunia yalipoingia ndani, mama wa Arusha alinipigia simu kwamba kuna familia ya mjini yenye uzio inamtaka mbwa, lakini mlezi ndiye mwenye kauli ya kwanza, na anasubiri. Nililieleza jambo hilo wakati wa chakula. Baba alimega ugali, akachovya kwenye mboga, akala, akamega tena.

"Mwambie huyo mama kwamba mwakani pia tutalima."

"Sema basi kwamba abaki," mama akamwambia.

"Nimeshasema."

Asubuhi yake nilisikia sauti uwanjani nikachungulia dirishani. Baba alikuwa amechuchumaa na ule mkanda, akijaribu kumvisha mbwa mwenyewe. Alikuwa ameingiza miguu yote miwili kwenye tundu moja. Mbwa amesimama, amebanwa kama mtu aliyevaa suruali kwa mguu mmoja, anamwangalia kwa pembe ya jicho, lakini hasogei. Mtu mwingine angekaa kimya na kumwacha mzee. Mimi nilitoka nikaenda kumwonyesha.

"Mguu mmoja tundu moja, baba."

"Naona," akasema. "Kaa pembeni na diploma yako."

Akavua, akaanza upya. Nilikaa pembeni. Mtoto wa kaka alitoka jikoni na kikombe cha chai, akasimama mbali, pale alipoambiwa asimame, naye baba, bila kumgeukia, akamwambia asubiri kidogo kwanza amalize kufunga.